Pointi za hoteli: Ijumaa ulale Dar, Jumamosi uamkie Bagamoyo

Watu wengi wanaosafiri kikazi kutoka Tanga wana pointi za hoteli wasizozikumbuka, yaani zile alama mwanachama anazopewa akilala, ambazo baadaye zinaweza kulipia chumba. Ulilala Dar, Nairobi au Kigali kwa safari ya ofisi, ukajaza fomu mapokezi, ukapewa namba ya uanachama, na tangu hapo barua pepe za hoteli hiyo unazifuta bila kuzisoma. Kabla hujafuta nyingine, ifungue. Huenda humo mna usiku mmoja wa hoteli kubwa, na usiku mmoja unatosha kujenga safari ya siku tatu: Ijumaa Dar, Jumamosi na Jumapili asubuhi Bagamoyo, Jumapili usiku uko Tanga.

Shika jambo moja tangu mwanzo: pointi zinanunua kitanda, hazinunui safari. Malazi ya Bagamoyo, kama ya Tanga, karibu yote ni ya kujitegemea: loji, gesti na hoteli za ufukweni zinazolipwa taslimu au kwa simu. Pointi za makampuni makubwa ya hoteli utazitumia Dar. Ndiyo maana mpango huu unaweka kitanda cha pointi pale kilipo ghali, na pesa yako mfukoni unaipeleka Bagamoyo, ambako itakufikisha mbali.

Ingia kwenye akaunti yako kwanza

Ukishaingia, angalia salio, tarehe ya kuisha, na jina. Salio kila mtu huliangalia. Tarehe ndiyo husahaulika. Mipango ya pointi ya World of Hyatt, Marriott Bonvoy na Hilton Honors hufuta pointi zote baada ya miezi 24 isiyo na shughuli. IHG One Rewards humpa mwanachama wa kawaida miezi 12, na Accor siku 365. Kwa mipango mingi, shughuli ni kupata pointi au kuzitumia. Kufungua programu kwenye simu kila wiki hakuhesabiwi. Kwa mipango hiyo, ukitumia sehemu ya pointi zako kwa safari hii, zilizobaki zinaanza kuhesabiwa muda upya, kwa hiyo hata mwenye salio linalokaribia kuisha ana faida ya kusafiri sasa.

Jina linahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Sisi tuna majina matatu, na kila karani huchagua mawili anayoyapenda. Akaunti imebeba jina lako na la babu, kitambulisho cha NIDA kina yote matatu, pasipoti imetanguliza la ukoo. Usiku wa pointi hupewa mwenye akaunti, na mtu wa mapokezi anayelinganisha kitambulisho na skrini yake hana sababu ya kukisia. Rekebisha jina lifanane na kitambulisho utakachobeba, na ufanye hivyo kabla ya kuweka nafasi.

Kama salio ni dogo kuliko ulivyotarajia, sababu huwa moja kati ya hizi. Chumba kilibukiwa kupitia tovuti ya watu wa kati, na mipango mingi ya pointi haitambui chumba cha namna hiyo. Au ilikuwa semina, na mwandaaji akalipa vyumba vyote kwa bili moja. Hapo mshiriki mara nyingi hapati kitu hata kama alitaja namba yake. Au ulilipa mwenyewe lakini namba haikuingizwa kabla ya kutoka. Sababu hii ya tatu ndiyo inayorekebishika: ndani ya akaunti kuna fomu ya kudai malazi yaliyokosekana, na wanataka risiti yenye jina lako na tarehe. Usikae mwaka mzima ndipo uidai. Ujue pia kuwa kodi haizai pointi. Hyatt hutoa pointi 5 za msingi kwa kila dola ya chumba, Marriott 10 kwa chapa zake nyingi, na hesabu hiyo inafanywa kabla ya VAT.

Mume na mke wenye nusu nusu katika akaunti mbili wasikate tamaa. Hyatt inaruhusu wanachama wawili kuunganisha pointi mara moja kila siku 30. Marriott inakuruhusu kumtumia mwanachama mwingine hadi pointi 100,000 kwa mwaka. Fanyeni hivyo wiki kadhaa kabla ya safari, maana si kila ombi hukamilika siku hiyo hiyo. Lakini ukiona mtu kwenye kundi la WhatsApp anauza au kununua pointi, pita. Kuuza pointi ni kinyume cha masharti ya mipango yote hii, na adhabu yake ni akaunti kufungwa na kila kilichomo.

Je, chumba hiki kinastahili pointi zako?

Hesabu yake ni fupi. Chukua bei ya chumba kwa shilingi, kodi zikiwa ndani, ugawe kwa idadi ya pointi wanazotaka. Tuseme Ijumaa chumba kinauzwa shilingi 420,000 au pointi 12,000: kila pointi imekupa shilingi 35. Jumatano chumba hicho hicho ni 540,000 kwa pointi zile zile: shilingi 45. Hoteli za katikati ya mji hujaa watu wa kazi siku za juma na kupungukiwa wikendi, hivyo pengo la namna hii ni la kawaida. Angalia tarehe tatu au nne tofauti upate wastani wako mwenyewe, kisha ukiona tarehe iliyoshuka sana chini yake, lipa taslimu au subiri.

Hyatt bado hupanga hoteli kwa madaraja, kila daraja na viwango vyake vya pointi. Marriott na Hilton waliacha majedwali ya madaraja, na kwao idadi ya pointi hupanda na kushuka pamoja na bei ya fedha. Maana yake kwa Hyatt siku ya bei kubwa ndiyo siku nzuri ya kutumia pointi, ila kwa wale wengine faida hiyo hupungua.

Hesabu ya pili wengi huiruka, nayo ndiyo yenye ukweli. Bila pointi ungelala wapi? Kama ungechukua gesti ya shilingi 60,000 Kariakoo, basi pointi hizo zimekuokolea 60,000 wala si 420,000. Hilo si baya, mradi unajua. Mtu mwenye pointi za usiku mmoja tu, anayetarajia kwenda Dar kikazi mwezi ujao kwa gharama zake, afikirie kuziweka. Mwenye pointi zinazoisha baada ya miezi miwili asifikirie mara mbili.

Kwa Dar, Hyatt Regency The Kilimanjaro iko Barabara ya Kivukoni, ikitazama bandari, na Johari Rotana iko Barabara ya Sokoine, si mbali na hapo. Hoteli nyingine zimewahi kubadili chapa huku watu wakiendelea kuziita kwa majina ya zamani, kwa hiyo kinachotawala ni orodha iliyo ndani ya programu siku unapoweka nafasi, si kibao ulichokiona zamani.

Kuweka nafasi

Tumia programu ya simu au tovuti ya kampuni yenyewe, ukiwa umeingia kwa namba yako. Usipige simu mapokezi kuomba chumba cha pointi. Pale watakutajia bei ya fedha, nawe utakata simu ukidhani pointi zako hazifai. Andika Dar es Salaam, chagua kuingia Ijumaa na kutoka Jumamosi, weka idadi halisi ya watu, kisha washa kisanduku cha kutumia pointi. Mkiwa wawili, andika wawili. Ukiandika mmoja ili mambo yaende haraka, mapokezi wanaweza kudai nyongeza ya mtu wa pili, na hiyo hulipwa kwa fedha.

Ikionyesha hakuna nafasi, usiamini mara moja. Vyumba vya pointi huwa vile vya kawaida, na vikiisha, programu inaweza kukuonyesha vyumba vikubwa tu kwa pointi nyingi zaidi, au isionyeshe chochote. Ukitafuta usiku mbili kwa pamoja na mmoja ukawa umejaa, zote mbili zinafichwa. Tafuta usiku mmoja mmoja. Kipindi cha Sabasaba, kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, Dar hujaa. Ama uweke nafasi mapema sana, ama usogeze safari. Marriott wana ofa ya usiku wa tano bure kwa anayelala tano kwa pointi, lakini kwa safari fupi hiyo isikutamanishe.

Soma masharti ya kufuta. Vyumba vingi vya pointi hufutika, na pointi hurudi kwenye akaunti ukifuta kabla ya saa waliyotaja, mara nyingi siku moja au mbili kabla. Usipotokea bila kufuta, pointi zinakwenda. Basi linaweza kukwama Segera, mtoto anaweza kuugua. Andika saa hiyo ya mwisho kwenye simu kama miadi. Kisha piga picha ya skrini ya uthibitisho, yenye namba ya nafasi na neno kuwa ni chumba cha pointi, maana intaneti hupotea pale unapoihitaji.

Na angalia chai ya asubuhi. Gesti zetu zimetuzoesha kwamba chumba kinakuja na chai. Chumba cha pointi mara nyingi ni chumba peke yake, na kifungua kinywa cha hoteli kubwa kwa watu wawili kinaweza kumaliza pesa ya nauli yote ya safari hii. Kama hakimo, kunywa chai nje. Mitaa ya Posta na Kivukoni ina mama lishe tangu alfajiri.

Siku ya Ijumaa

Basi la asubuhi kutoka Tanga huchukua saa sita hivi hadi stendi ya Magufuli, Mbezi. Kutoka hapo shuka na daladala hadi Kimara, panda mwendokasi hadi Kivukoni. Ukifika saa tisa mchana, vyumba huwa tayari.

Mapokezi watadai vitu viwili: kitambulisho na dhamana. Hata chumba kikiwa bure, hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kwa ajili ya simu, vinywaji na uharibifu. Pesa hiyo haijachukuliwa, imefungwa, ila kwa kadi ya benki ya kawaida ni salio lako halisi limefungwa, na kuachiliwa kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kutoka. Kama pesa ya Bagamoyo iko kwenye kadi hiyo hiyo, umekwama. Kabla ya kuondoka Tanga, weka pesa ya safari kwenye simu au mfukoni, na kadi uiache na kiasi cha dhamana tu. Kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu inaweza kukataliwa, kwa kuwa mapokezi hutaka kadi ya kushika. Uliza kama wanapokea dhamana ya taslimu, na ukiitoa, dai risiti.

Jioni, tembea kwa miguu. Kutoka Kivukoni unafikia Azania Front, kanisa la Kilutheri la enzi ya Wajerumani, kisha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na juu kidogo sanamu ya Askari iliyosimama hapo tangu 1927. Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert, si mbali. Yatosha. Lala mapema.

Bagamoyo

Jumamosi toka saa moja asubuhi, na usione unakipoteza kitanda ambacho ungeweza kukaa nacho hadi saa sita. Mwendokasi hadi kituo cha Morocco, daladala fupi hadi stendi ya Makumbusho, na hapo magari ya Bagamoyo yanaitwa kwa sauti. Ni kilomita 70 hivi, nauli shilingi elfu chache. Foleni ya kutoka mjini ndiyo huamua muda wako, na kila dakika unayochelewa inaongeza. Usiku wa Jumamosi lala Bagamoyo kwa kulipa. Wanaorudi Dar jioni ili kutumia usiku wa pili wa pointi wanamaliza siku barabarani na wanaukosa mji saa zake nzuri.

Anza na Misheni, kwa sababu Jumapili asubuhi ni ibada na hutaki kupita katikati ya waumini na kamera. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza hapa 1868, na wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa inayokupa kivuli hadi saa sita. Katika mnara wa kanisa la zamani ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, kabla ya kuvushwa Zanzibar. Jumba la makumbusho la Misheni lipe saa nzima.

Hapo karibu uutafute mbuyu. Inasemekana Madame Chevalier, aliyehudumu Misheni, alikuwa akimfunga punda wake kwa mnyororo kwenye mti huu, na siku moja mnyororo ukasahauliwa. Mti ukanenepa ukaumeza. Angalia shina kwa makini: kipande kifupi cha chuma chenye kutu kinachungulia kwenye gamba la mti. Wengi hupiga picha ya mti mzima na kuondoka bila kukiona.

Adhuhuri kula na upumzike. Kisha chukua bajaji hadi Kaole, kilomita tano hivi kusini, ufike kabla ya saa tisa. Patana na dereva bei ya kwenda, kungoja saa moja na nusu, na kurudi, yote kwa pamoja. Ukimwachia aondoke, huenda usipate usafiri wa kurudi. Usipite ufukweni kwa miguu peke yako na simu mkononi. Kaole ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 13: misikiti miwili, na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Palikuwa bandari. Simama nyuma ya makaburi utazame upande wa bahari, utaona mikoko tu. Mchanga ulijaa, mikoko ikaota, majahazi yakahamia Bagamoyo. Ukielewa hilo pale Kaole, mji utakaouona kesho unakuwa na maana.

Maeneo ya mambo ya kale yana kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho. Malipo mara nyingi ni kwa namba ya malipo inayotolewa pale pale, unalipa kwa simu. Hakikisha simu ina salio na chaji. Masika, kati ya Machi na Mei, njia hulowa. Vaa viatu vya kufunga.

Jioni nenda soko la samaki ufukweni, karibu na jengo la forodha la Wajerumani. Maboti yakirudi, mnada huanza, na pembeni pweza na samaki wanakaangwa. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kama tarehe zako zimeangukia tamasha la sanaa la TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, gesti hujaa mji mzima, kwa hiyo chumba cha Bagamoyo nacho ukipigie simu mapema.

Mji Mkongwe uuache kwa Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua likiwa chini, nakshi za milango ya Mtaa wa India zinaonekana kila mkato. Saa tano mwanga unazifuta. Pitia Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, na Karavanserai, ambako misafara ya pembe na ya watumwa iliishia. Mwongozaji wa mji mwenye kitambulisho anastahili pesa yake hapa kuliko mahali popote pengine kwenye safari hii, kwa kuwa nyumba nyingi hazina maandishi, na bila yeye utaona kuta tu. Patana saa na bei kabla ya kuanza. Huu ni mji wa Waislamu na watu wanaishi humo. Funika mabega na magoti.

Kurudi Tanga

Usirudi Dar. Barabara ya lami ya kilomita 64 inatoka Bagamoyo hadi Msata, na Msata iko kwenye njia kuu ya Chalinze kwenda Segera, ambako mabasi ya Dar hadi Tanga hupita. Ondoka Bagamoyo kabla ya saa sita mchana. Jumapili mabasi hujaa tangu Dar, kwa hiyo Ijumaa ile uliposhuka stendi, chukua namba ya simu ya wakala wa basi ulilosafiri nalo, umpigie Jumamosi jioni akutengee kiti na akuambie saa ya kupita Msata. Lipa kwa simu, dai tiketi yenye namba ya kiti, na ufike Msata nusu saa kabla.